Bila ardhi na bei ya haki, Kibira haina mlinzi

WAHENGA walisema mwenye njaa hana miiko. Msemo huo unaeleza vizuri kuliko ripoti nyingi kwa nini msitu wa Kibira, kaskazini magharibi mwa Burundi, umeendelea kukatwa ingawa ulifanywa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1980.

Kibira ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 400 na imeungana na msitu wa Nyungwe wa Rwanda. Vijito vyake hunywesha mashamba ya chai ya Teza na Rwegura, na hujaza bwawa la umeme la Rwegura. Kwa hiyo hata mwenye duka wa Bujumbura anayewasha taa jioni ana deni kwa miti hiyo.

Pembezoni mwa msitu huo wanaishi Batwa, ambao mababu zao waliishi humo kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wao ni takriban asilimia 1 ya Warundi. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea viti 3 Bungeni na viti 3 katika Seneti. Hata hivyo, viti hivyo havijazipatia shamba familia nyingi za huko milimani. Wengi wamejenga kwenye kipande cha jirani na wanaishi kwa kibarua. Wakizidiwa, huingia msituni kutafuta kuni, mianzi au mkaa wa kuuza. Anayekamatwa na askari wa hifadhi mara nyingi ni mbebaji wa gunia, si mwenye fedha aliyeagiza mzigo.

Nayasema haya nikiwa mwalimu na nikiwa mtu niliyerudi nyumbani. Nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilirejea na wimbi la 2008 na 2009, wakati zaidi ya wenzetu 50,000 wa 1972 walipovuka kurudi. Wengi wetu tulikuta mashamba ya wazee wetu yanalimwa na watu wengine. Aliyepitia hayo hahitaji kufundishwa uchungu wa Mutwa anayeambiwa kila msimu kwamba nyumba yake iko kwenye ardhi ya mtu.

Tabora ni nchi ya asali. Zamani mizinga mingi ilitengenezwa kwa magome ya miti ya miombo, na mti uliochunwa gome hukauka. Ndiyo maana mabwana nyuki walihimiza mizinga ya mbao. Kule nilikokulia, moto wa kiangazi ukizuka, wa kwanza kukimbia na matawi mabichi kuuzima alikuwa mzee mwenye mizinga. Hakutumwa na bwana misitu. Alikuwa anaokoa mali yake, maana nyuki hula maua, na pasipo miti hakuna maua.

Kazi hiyo hiyo asali inaweza kuifanya Kibira. Mrinaji anayeingia msituni usiku na mwenge, kwa kujificha, anaweza kuacha moto nyuma yake. Mwenye mizinga iliyopangwa kando ya hifadhi hutumia bomba la moshi, husubiri masega yafunikwe kwa nta, na huvuna bila kuua kundi. Lakini mzinga unahitaji mahali pa kuuweka. Mwenye shamba akibadili nia, Mutwa huambiwa ahamishe mizinga yake, na nyuki hutoroka. Ndivyo ilivyo kwa mianzi na miti ya kuni. Nani atapanda mti wa kuvuna baada ya miaka kadhaa kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa kesho?

Tusiwasahau akina mama wafinyanzi. Vyungu vyao vimeshindwa na sufuria za alumini na ndoo za plastiki, na vinamasi vingi walimochimba udongo vimekuwa mashamba ya mpunga. Hata hivyo, mikono ile ile inaweza kufinyanga majiko ya udongo yanayotumia mkaa kidogo. Kila jiko la namna hiyo linalouzwa mjini hupunguza magunia yanayotoka msituni, na mfinyanzi naye anapata ada ya shule. Sisi walimu tunajua wazi: watoto wa kwanza kukosekana darasani ni wale ambao nyumbani hakujapikwa.

Majirani zetu wamepata somo hili kwa gharama kubwa. Kongo iliunda hifadhi ya Kahuzi-Biega mwaka 1970 na kuipanua mwaka 1975, na Batwa wakaondolewa bila kupewa ardhi nyingine. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi humo kwa nguvu. Yalifuata mapigano na askari wa hifadhi, watu wakafa, miti ikaangushwa kwa mkaa na mbao, na faida kubwa ikaishia kwa wafanyabiashara na wenye silaha. Julai 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa hao.

Uganda nayo iliifanya Bwindi hifadhi ya taifa mwaka 1991, Batwa wakatolewa. Baadaye wanavijiji waliopakana na hifadhi waliruhusiwa kuweka mizinga na kuchuma dawa katika maeneo maalumu. Waliofaidi zaidi ni wakulima wenye mashamba jirani. Batwa, waliokuwa hawana ardhi, waliambulia kidogo. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walitendewa isivyo haki. Ndugu msomaji, unaona kwamba hata mradi mzuri wa asali humpita asiye na shamba.

Sasa niwageukie ndugu zangu wafanyabiashara wa Kobero, Mugina na Gatumba. Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Ulizeni forodhani kabla ya kufunga mzigo. Mkinunua asali ya Kibira, nunueni kwenye ushirika ambao Batwa ni wanachama kamili, si vibarua. Pimeni kwa mizani, si kwa kukadiria dumu kwa macho. Msiichanganye na sukari, kwa sababu mteja wa Kigoma au Uvira akidanganywa mara moja harudi, na anayeumia ni mrinaji. Gunia la mkaa wa msituni ni rahisi leo, lakini bei yake italipwa na vijito vikikauka.

Kwa viongozi wetu, ombi ni moja. Kabla ya kugawa mizinga mbele ya kamera, gaweni hati za ardhi, hata kama ni kipande kidogo. Najua nchi yetu ina zaidi ya watu 400 kwa kilomita ya mraba, na sisi tuliorudi tunadai pia. Lakini kinachohitajika hapa si eneo kubwa: ni mahali pa nyumba, bustani, safu ya miti na mizinga kumi. Mutwa akivuna hapo kwa halali, atakuwa wa kwanza kumkatalia mwenye lori la mkaa.