Mkataba wa Arusha na Mwendelezo wa Vurugu nchini Burundi: Athari kwa Maendeleo

Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Burundi ulitiwa saini mjini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, baada ya usuluhishi ulioongozwa na Mwalimu Julius Nyerere na, kufuatia kifo chake, Nelson Mandela. Hata hivyo, mapigano hayakukoma, kwani vikundi viwili vikuu vya waasi, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, havikutia saini. Makala hii inabainisha kwamba madhara ya vurugu hizo kwa maendeleo yalitokana kwa sehemu kubwa na mpangilio wa mkataba wenyewe: mgawanyo wa madaraka ulitangulia, usitishaji wa mapigano ukaachwa nyuma.

Itifaki ya Nne ya mkataba ilihusu ujenzi mpya na maendeleo, ikiwemo kuwarejesha wakimbizi na kutatua migogoro ya ardhi. Utekelezaji wake ulihitaji usalama ambao haukuwepo. CNDD-FDD iliafikiana na serikali mwaka 2003. FNL ilitia saini usitishaji wa vita jijini Dar es Salaam mwaka 2006. Katika kipindi hicho, Agosti 2004, zaidi ya wakimbizi 150 kutoka Kongo waliuawa Gatumba. Katika mazingira hayo mkulima hana sababu ya kupanda mibuni, ambayo huzaa baada ya miaka kadhaa; hulima mazao ya msimu mmoja ili ale kabla ya kukimbia tena. Umaskini wa aina hii hauonekani katika hesabu ya majengo yaliyobomolewa.

Vurugu za mwaka 2015 zilikuwa na sura tofauti. Chanzo chake kilikuwa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, uliopingwa kwa hoja kwamba ulikiuka mkataba. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakiingia Tanzania katika kambi za Nyarugusu na Nduta. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali, na bajeti ikapoteza chanzo muhimu.

Pamoja na hayo, kanuni za mgawanyo wa nafasi serikalini na jeshini zilisaidia kuzuia mgogoro huo kuwa vita vya kikabila vya nchi nzima. Kwa hiyo, udhaifu wa mkataba haukuwa katika mgawanyo wa madaraka, bali katika kukosa ulinzi wa mwananchi aliyetarajiwa kurudi shambani.