Bamba la Chuma Katika Kigasha

Kigasha ni sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Kina mifupa miwili: radiasi, upande wa kidole gumba, na alna. Geuza kiganja chako juu, kisha chini. Radiasi ndiyo inayozunguka alna.

Mifupa hiyo ikivunjika na kuunga ikiwa imepinda, mgonjwa hushindwa kugeuza kiganja. Kwa hiyo, kwa mtu mzima, plasta peke yake mara nyingi haitoshi. Daktari hupasua, huipanga mifupa sawasawa, kisha huifunga kila mmoja kwa bamba la titaniamu au chuma kisichoshika kutu, kwa skrubu.

Kumbuka: bamba haliponyi mfupa, huushikilia tu. Seli hai za mfupa ndizo zinazouponya.