Kuchora Ramani ya Mwendo kwa Nyimbo Zilizorekodiwa Bila Kliki

Kwaya nyingi za Ufipa, tangu Sumbawanga na Namanyere juu uwandani mpaka Kirando na Kabwe ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, zimerekodi nyimbo zao kwa taratibu moja: waimbaji husimama pamoja, mwalimu huinua mkono, ngoma na kayamba huanza, na wimbo huenda kwa mwendo ule ambao nafsi za watu zimeafikiana saa ile, pasipo mlio wa kliki wa kuhesabu mapigo masikioni mwa mtu yeyote. Ndivyo zilivyorekodi bendi zetu za dansi katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ikiwa miongoni mwao. Na ndivyo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alivyozinasa ngoma za Tanganyika alipopita nchini mwaka 1950. Metronomu, chombo cha kuhesabu mapigo, ilikuwapo duniani, kwani Johann Maelzel aliipatia hataza mwaka 1815, lakini wanamuziki hawa hawakuihitaji, maana saa yao ilikuwa mkono wa mpiga ngoma na pumzi ya waimbaji.

Taabu humpata mrithi wa kanda hizo. Akitaka kuongeza besi, kuandika nota au kuunganisha wimbo na picha, huona kompyuta imepanga mistari ya mapigo kwa umbali ulio sawasawa, ilhali wimbo haukai juu ya mistari hiyo hata kidogo. Hapo ana njia mbili: ama aukatekate wimbo na kuuvuta mpaka uitii mistari, ama aikunje mistari mpaka iufuate wimbo. Njia ya pili ndiyo kuchora ramani ya mwendo, nami nasema wazi kwamba kwa muziki wa namna hii ndiyo njia ya haki. Mpima ardhi aichoraye barabara ishukayo kutoka uwanda wa Ufipa hadi Kabwe hainyooshi kona zake kwa sababu karatasi yake ina mistari iliyonyooka.

Kabla ya kuweka alama yoyote ya pigo kwenye ramani hiyo, sharti fundi ahakikishe kwamba kanda yenyewe inasema kweli. Kaseti huenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Lakini ikiwa betri za kinasa sauti zilikuwa zimechoka siku ya kurekodi, kanda ilienda polepole, na leo ikichezwa kwa kasi yake halali wimbo hutoka mwepesi kuliko ulivyoimbwa, na sauti hupanda juu. Nusu toni ya kupanda ni karibu asilimia 6 ya kasi, kwa hiyo wimbo wa mapigo 100 kwa dakika utasomeka 106. Kama kinanda kinasikika ndani ya wimbo, sauti zake zitamsaidia fundi kupima upotofu huo na kuusahihisha kwanza, maana ramani iliyochorwa juu ya kanda potofu ni kazi ya kurudiwa. Aidha, aifungie sauti kwenye saa halisi, yaani dakika na sekunde, isifungwe kwenye mapigo. Asipofanya hivyo, kila atakapobadili mwendo programu itausogeza au kuuvuta ule wimbo aliokusudia kuuhifadhi.

Kisha hutafutwa pigo la kwanza lililo thabiti. Nyimbo zetu aghalabu hufunguliwa na mwimbaji mmoja aghaniye kwa uhuru, na kipande hicho hakina haja ya kupimwa. Kiachwe kama kilivyo, na hesabu ianze pale ngoma inapoingia. Alama huwekwa mahali mkono ulipogusa ngozi ya ngoma au kayamba ilipotikiswa, wala haiwekwi juu ya sauti za waimbaji, kwa kuwa irabu ya kwaya huvimba polepole, na hakuna ajuaye kwa yakini ilianza wapi.

Hapa wengi hupotea kwa bidii. Huweka alama kwenye kila pigo, wakidhani wingi wa alama ndio usahihi. Tuangalie hesabu yake. Katika mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, kila pigo huchukua milisekunde 600. Ukikosea alama moja kwa milisekunde 20 tu, pigo lililorefushwa litasomeka kama mwendo wa 97, na lifuatalo, lililopunjwa kiasi hicho hicho, litasomeka 103. Basi kliki ya kompyuta itachechemea, na besi utakayoiongeza itachechemea pamoja nayo, hali wapigaji hawakuchechemea. Lakini ukiweka alama mwanzoni mwa kila kipimo cha mapigo manne, chenye milisekunde 2,400, kosa lile lile litautikisa mwendo baina ya 99 na 101, jambo ambalo sikio hulisamehe. Kwa hiyo anza na kipimo kizima, hata viwili au vinne wimbo ukiwa umetulia, na ongeza alama pale tu sikio linapolalamika.

Sikio hulalamika mahali maalumu. Mwisho wa ubeti kwaya huvuta pumzi, na kipimo kimoja hurefuka. Hicho kipewe alama zake chenyewe, ili urefu wake usimwagike kwenye ubeti unaofuata. Katika nyimbo za dansi kuna chemko, pale uimbaji unapokwisha na magitaa yanaposhika kasi, na mpito huo huhitaji uangalifu, kwa kuwa bendi nyingine hubadili mwendo ghafla, na nyingine hupanda kidogo kidogo katika vipimo kadhaa.

Programu zipo zinazodai kuyatambua mapigo zenyewe, nazo zina manufaa kwa muziki ulionyooka. Hata hivyo mara nyingine husoma mwendo wa 90 kuwa 180, au nusu yake, na ngoma ipigayo tatu juu ya mbili huzichanganya kabisa, zikachukua mkono wa mpiga ngoma wa pili kuwa ndio msingi. Msingi aujua mchezaji kwa miguu yake. Madhali ni hivyo, fundi asiyeifahamu ngoma ile na amwite mtu wa ngoma ile aketi naye, apige makofi wimbo ukichezwa, na alama zifuate makofi hayo.

Nawasihi basi walimu wa kwaya na wazee wa bendi wenye kaseti makabatini: zinakilini mapema, na fundi apewe nakala, asili ibaki kwenu. Naye fundi akimaliza kazi, ahifadhi faili la ramani pamoja na wimbo wenyewe, na juu yake aandike jina la kwaya, mahali na mwaka wa kurekodi.