Kiraka si Tusi

Juma lililopita, huko Msambweni, mpwa wangu alinijia amenuna. Yeye ni mshambuliaji. Mwalimu wa timu amempanga beki wa kushoto. "Mjomba, wananiita kiraka. Kiraka si cha nguo kuukuu?"

Swali hilo lanihusu kitaaluma. Kweli, kiambishi ki- aghalabu hudunisha. Lakini ndicho kilichomo pia katika neno kiongozi. Tena, msomaji, sikiliza upatanisho wa kisarufi: kiraka cha shati kimechanika, bali kiraka wa timu ameumia. Wapenzi wa soka wamekwisha kumtoa katika ngeli ya vitu, wakampa utu.

Nao wana sababu. Mbuyu Twite, mzaliwa wa Lubumbashi, aliichezea APR ya Rwanda, na mwaka 2012 akajiunga na Yanga ya Dar es Salaam; alimudu ulinzi wa pembeni, wa kati, hata kiungo. Erasto Nyoni, kiraka mwingine, alifunga penalti Machi 2019 Tanzania ilipoilaza Uganda 3-0 na kurejea fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39.

Hata hivyo, lalamiko la kijana lina uzito. Azibaye pengo la kila mtu huenda akakosa mahali pake mwenyewe. Nilimshauri amwendee mwalimu kwa adabu, aelezwe sababu. Ni haki yake.

Ama kuhusu neno lenyewe, nilimwonyesha ngalawa zikirejea pwani. Tanga la ile iliyotangulia lilikuwa na viraka vitatu, na ndilo lililoleta samaki.