Mwenye nyumba atangulie kuikagua

Anayetaka kuuza nyumba Kakuyuni mara nyingi huanza na ndoo ya rangi. Mimi nasema aanze na fundi wa kuikagua, tena kabla dalali hajatajiwa bei. Kasoro haitoweki kwa kufichwa. Inangoja mnunuzi aione, na siku hiyo yeye ndiye atakayeipigia hesabu. Chukua mchwa. Njia yake ya udongo, nyembamba kama kidole, hupanda ukutani nyuma ya kabati mpaka kwenye kenchi. Boriti ukiitazama ni nzima, ukiichoma kwa bisibisi inazama kama kwenye mkate. Lipu nayo igonge kwa kifundo cha kidole: panapolia uwazi, imeachana na ukuta. Na kama zege lilichanganywa kwa mchanga wa baharini usiooshwa, chumvi huzidisha kutu kwenye nondo, kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutokea ndani. Rangi haizuii hilo. Aliyejua mapema kwamba zimeliwa boriti mbili atabadilisha mbili. Asiyejua ataambiwa paa zima limeoza, na hatakuwa na la kujibu.

Wapo watakaosema funika kombe mwanaharamu apite: ya nini nigharimie kutafuta aibu yangu, ilhali kukagua ni kazi ya mnunuzi? Ni kweli, mzigo mkubwa ni wake. Lakini atakuja na fundi wake, na huyo ataangalia kwa jicho la kushusha bei. Gharama nayo inapimika: kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa atosha fundi mzoefu, mhandisi aliyesajiliwa aitwe nyufa zinapogusa nguzo au msingi.

Ukaguzi usiishie ukutani. Kwenye ardhi ya kilimo, sheria ya Kenya inataka idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini mauzo ni batili, na mnunuzi aweza kudai fedha zake. Nyumba ya wanandoa, kwa sheria ya mwaka 2013, haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Na hati iliyobaki kwa jina la marehemu baba ndiyo kasoro nzito kuliko zote, maana mirathi huchukua miezi mahakamani. Mnunuzi mwenye fedha mkononi hataingoja. Atashuka Ganda aulizie nyumba nyingine.