Takbira Kutoka Mbali: Jinsi Mtazamaji Anavyoamsha Sauti Katika Matangazo ya Moja kwa Moja



Ndugu wasomaji, wengi wenu mliuliza kilichotokea mwaka jana katika mashindano yetu ya kuhifadhi. Kijana wetu alikuwa katikati ya kisomo, mara spika za ukumbini zikapiga takbira kwa nguvu, naye akapotewa na aya. Wapo waliodhani ni utani wa watoto. La, haikuwa hivyo. Takbira ile iliamshwa na mjomba aliyekuwa akitutazama YouTube akiwa Dar es Salaam, naye alikusudia kumpongeza msomaji aliyetangulia. Mjomba hana kosa. Kosa lilikuwa letu sisi wa mitambo.

Kwanza tueleze mtambo wenyewe. Kompyuta inayorusha matangazo ina programu ya OBS Studio, ambayo ni ya bure. Pembeni yake tunafungua programu nyingine, Streamer.bot, nayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows. Hii ya pili husoma maoni ya watazamaji. Ikiona neno tulilokubaliana, kwa mfano !takbira, huiagiza OBS icheze faili fupi la sauti. Programu hizi mbili huzungumza kupitia njia iitwayo websoketi, ambayo tangu toleo la 28 la mwaka 2022 imo ndani ya OBS yenyewe. Unaiwasha katika menyu ya zana, unaweka nywila, kisha unaiandika nywila hiyo hiyo upande wa pili.

Faili la sauti lisizidi sekunde 3 au 4. Rekodini takbira zenu wenyewe wanafunzi, kwani ukichukua kipande cha kasida ya watu, YouTube huweza kukitambua na mwenye haki akadai. Na aya ya Qur'ani isifanywe mlio wa kubonyezwa.

Sasa tufike pale tulipokosea. Matangazo ya moja kwa moja hayafiki papo hapo. Katika mpangilio wa kawaida wa YouTube, mtu wa mbali anaweza kuona jambo sekunde 20 au zaidi baada ya kutokea. Chukua mfano: msomaji wa kwanza anamaliza saa 4:00 kamili. Mjomba anamwona akimaliza saa 4:00 na sekunde 20. Anaandika neno, zinapita sekunde nyingine 5 au zaidi. Takbira inalia ukumbini wakati msomaji wa pili amekwisha anza. Wazazi wetu waliotuma kadi za salamu Redio Tanzania wanalijua jambo hili. Salamu za Idi ziliweza kusomwa Idi imekwisha pita.

Dawa yake ni kufuli, nalo ni rahisi. Katika OBS tengeneza mandhari mbili. Moja iite Kisomo, nyingine Mapumziko. Faili la takbira liweke ndani ya Mapumziko peke yake. Amri iandikwe hivi: onyesha faili, subiri sekunde 4, lifiche tena. Mandhari ya Kisomo ikiwa hewani, maoni yanaweza kumiminika kama mvua ya masika na hakuna sauti itakayotoka. Usisahau ule mstari wa kulificha. Ukiuacha, takbira italia yenyewe kila unaporudi Mapumziko.

Msomaji akimaliza, hamia Mapumziko na ubaki hapo nusu dakika, majaji wakiandika alama. Muda huo unatosha kwa babu aliye Nakonde na shangazi aliye Maskati kuona, kuandika na kuitikiwa. YouTube pia ina mpangilio wa kupunguza ucheleweshaji, ambao kwa wengi huushusha chini ya sekunde 10, lakini mtandao ukiyumba picha nayo hukwama zaidi. Mimi naona bora kusubiri.

Weka pia muda wa kupumzika kati ya amri na amri, kama sekunde 10, maana ndugu 30 wakiandika kwa pamoja mtasikia makelele matupu. Sauti ya takbira iwe chini kidogo ya sauti ya msomaji, na mita isiguse nyekundu. Na spika za ukumbini zisiunganishwe nayo kabisa: katika mipangilio ya sauti ya OBS, zima usikilizaji wa faili hilo, liende kwa watazamaji tu. Mwaka jana tuliuwasha ili ukumbi nao ufurahi.

Jambo la sisi wa Tunduma hasa: simu inayogawa intaneti huweza kudaka minara ya Zambia katikati ya shughuli. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wa Tanzania kwa mkono. Kwa picha ya 720p tafuta kasi ya kupandisha ya megabiti 4 kwa sekunde, na ipime saa ile ile ya shughuli, siyo alfajiri.

Jaribio litafanyika Alhamisi ya kabla ya mashindano, baada ya Asri. Tunahitaji wazazi watatu, mmoja awe Vwawa, mmoja Nakonde na mmoja popote nje ya mkoa, waandike !takbira wakati kijana anasoma. Tukisikia chochote, tunaanza upya.