Pesa ya mama, hasira ya baba: namna mapato yasiyo sawa yanavyolisha jeuri nyumbani

Mjini Bukavu, kama vile Goma na Uvira, nyumba nyingi zinakula kwa jasho la mama. Ndiye anayeamka giza bado kwenda kuchukua sambaza ufukoni, ndiye anayeuza unga wa muhogo, makala na nyanya kwa vifungu. Jioni anarudi na franga kidogo, na mara nyingi franga hizo hazikai mkononi mwake. Bwana anaziulizia, anazihesabu, anaamua. Mama akisita kuzitoa, ugomvi unaanza. Majirani wakisikia kelele wanasema ni mambo ya nyumba. Lakini watafiti wa uchumi wanaonyesha kwamba ni mambo ya mfuko pia.

Hali si ndogo. Uchunguzi wa kitaifa juu ya watu na afya, unaojulikana kama EDS, uliofanywa nchini mwaka 2013 na 2014, uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuishi na mume. Asilimia 57 walijibu kwamba mume amekwisha kuwatendea jeuri: kipigo, kulazimishwa kingono, au matusi na vitisho vya kuvunja moyo. Katika uchunguzi huo huo, karibu wanawake watatu kwa wanne walikubali kwamba ziko sababu zinazompa mume haki ya kumpiga bibi yake.

Sasa, pesa inaingia wapi? Mwaka 2010, mtafiti wa Marekani Anna Aizer alitoa kazi iliyosomwa sana. Aliangalia wanawake walioingia hospitali za jimbo la California kwa sababu ya kupigwa, akalinganisha na tofauti ya mishahara kati ya wanaume na wanawake. Aliona kwamba pale tofauti hiyo ilipopungua, vipigo navyo vilipungua. Kwa hesabu yake, kupungua kwa tofauti ya mishahara kulieleza asilimia 9 ya kushuka kwa jeuri dhidi ya wanawake kati ya mwaka 1990 na 2003.

Kitu cha kuzingatia ni hiki: Aizer hakupima pesa ambazo kila mwanamke alikuwa nazo mfukoni. Alipima mshahara ambao wanawake wa hali yake wangeweza kuupata kazini. Maana yake, hata mwanamke asiye na kazi analindwa kidogo ikiwa bwana anajua kwamba bibi akiondoka leo, kesho anaweza kujilisha. Asiye na pa kwenda anavumilia. Mwenye mlango wa kutokea anasikilizwa.

Hata hivyo, haitoshi kusema tu kwamba mama akipata pesa, amani itaingia. Mwaka 2005, watafiti wengine wa huko Marekani waliona kwamba bibi anapochuma kuliko bwana, hatari ya kupigwa inaongezeka, lakini kwa wanaume wa aina moja: wale wanaoamini kwamba mwanaume ndiye peke yake anayepaswa kulisha nyumba. Kwa mwanaume wa namna hiyo, mfuko wa bibi ni aibu. Aliyoikosa kwa pesa anatafuta kuirudisha kwa ngumi.

Hapo ndipo jambo linatugusa sisi wa Kivu. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango na kazi nyingi zilisimama. Baba aliyezoea mshahara anaweza kujikuta ameketi nyumbani, huku mama akiendelea kuzunguka na beseni kichwani. Ikiwa hakuna anayezungumza na baba huyo, mabadiliko hayo yanaweza kuzaa jeuri mpya mahali pa kuleta nafuu.

Kuna mfano wa kufuata. Katika jimbo la Limpopo, Afrika ya Kusini, mradi uitwao IMAGE uliwapa wanawake maskini mikopo midogo, na katika mikutano ile ile ya mikopo wakafundishwa juu ya ndoa, haki na UKIMWI. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006: baada ya miaka miwili, jeuri ya waume ilikuwa imepungua kwa asilimia 55. Walipolinganisha baadaye na vikundi vilivyopewa mkopo bila mafundisho, waliona kwamba mkopo peke yake uliinua mapato, lakini haukuleta mabadiliko mengine kwa namna hiyo.

Kwetu hatuanzi kutoka sifuri. Akina mama wana likelemba, wana MUSO, wana AVEC. Kinachokosekana mara nyingi ni mazungumzo. Kikundi kinaweza, kabla ya kutoa mkopo, kumwalika bwana, kumweleza pesa ni ya kazi gani na italipwa namna gani. Wazee wa kanisa, maimamu na wakuu wa avenyu wanaweza kuwaambia wanaume wazi kwamba kulishwa na bibi wakati wa shida si laana.

Sheria nayo ina nafasi yake. Kodi ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya bwana kwa matendo yote ya kisheria. Sheria ya mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo, ingawa bwana anabaki kuitwa kichwa cha nyumba. Leo mama anaweza kufungua konti au kutia sahihi mkataba wa kazi bila kupewa karatasi na bwana. Na kama hawakuchagua mpango mwingine wa mali wakati wa ndoa, walichochuma pamoja ni cha wote wawili. Lakini mwenye ndoa ya mahari tu, isiyoandikishwa etasivili, anapata taabu kudai haki hiyo. Kuandikisha ndoa si anasa ya watu wa mjini.

Inabaki shauri moja ambalo familia zinapenda kutoa: mama akipigwa kwa ajili ya pesa, anaambiwa aache biashara ili bwana atulie. Shauri hilo linamfungia mlango ule ule unaomlinda. Kupiga ni kosa linaloadhibiwa na kodi ya jinai, hata ndani ya ndoa. Anayepaswa kuitwa na wazee na kuulizwa ni yule aliyeinua mkono, si yule aliyeleta unga.